Kasiksi na Kanyanga: Habari za Pombe Katika Nchi ya Butembo na Beni

Siku moja baada ya Misa ya Dominika baraza la jumuiya yetu lilikaa kuamua neno moja lililotusumbua. Mama mmoja, mjane, aliombwa na jirani yake amsimamie mtoto wake katika Ubatizo. Wengine wakakubali. Wengine wakakataa, wakisema, “Mama huyu hupika pombe. Awezaje kushika mtoto mbele ya kisima cha Ubatizo?” Ndipo mzee mmoja akainua mkono, akauliza, “Hupika pombe gani, na wanaoinywa ni nani?” Basi tukanyamaza wote. Watu kumi na wawili tuliokuwa tumekwisha kuhukumu, hakuna hata mmoja aliyeweza kumjibu mzee.

Twajua sheria ya Kanisa. Msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe amepata Kipaimara na Ekaristi, tena aishi maisha yanayopatana na imani. Lakini maisha ya mpika pombe yapatana na imani au hayapatani? Ili tupate kujibu kwa haki tuliona imetupasa kuuliza wazee, kusoma kidogo, na kwenda kuona kwa macho. Yale tuliyoyapata ndiyo twataka kuwasimulia leo.

Nchi yetu ni nchi ya migomba. Butembo uko juu milimani, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Beni uko mbali nao kilomita 54 hivi upande wa kaskazini, chini zaidi, karibu na msitu mkubwa. Wanande, ambao hujiita pia Wayira, ni ndugu wa Wakonjo wanaokaa ng’ambo ya mlima Ruwenzori katika Uganda, na pande zote mbili za mlima watu hulima migomba. Asili ya mgomba si Afrika bali Asia ya kusini-mashariki, lakini ulifika kwetu zamani sana, hata ukawa kama mzaliwa. Stanley na Emin Pasha walipopita bonde la Semliki mwaka 1889 walikuta migomba tayari imejaa vijijini.

Si ndizi zote zinazofaa kwa pombe. Ziko za kupika, ziko za kula zilizoiva, na ziko za pombe zenye ukakasi mdomoni. Hizi za mwisho mtu akizipika hafurahi, lakini zikiiva maji yake ni matamu kuliko yote. Pombe itokayo humo twaiita kasiksi.

Tulikwenda kwa mama yule mjane tukatazama kazi yake tangu mwanzo hata mwisho. Ndizi hukatwa zimekomaa, zingali za kijani. Hufukiwa katika shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani makavu ya migomba, kisha hufunikwa kwa majani na udongo siku kadhaa hata ziive. Wengine huzitundika juu ya moshi wa jiko. Zikiisha kuiva humenywa, hutiwa katika mtumbwi wa mti, nazo hukandwa pamoja na nyasi ngumu. Nyasi huishika nyama ya ndizi, na maji matamu hujitenga. Maji hayo huchujwa, huongezwa maji safi kwa kipimo, nayo kwanza hayalevyi hata kidogo. Watoto hupewa wanywe. Baadaye hutiwa unga wa mtama au wa ulezi uliokaangwa. Ndani ya unga na hewani mna chachu, yaani vijidudu visivyoonekana ambavyo hula sukari na kuigeuza kuwa kileo. Mtumbwi hufunikwa kwa majani ya migomba, na baada ya siku moja au mbili pombe iko tayari. Kileo chake si kikali, ni sehemu chache tu katika mia.

Sasa, wasomaji, twawaomba mshike neno moja, kwa maana ndilo ufunguo wa habari yote. Kasiksi haiwezi kukaa. Siku ya kwanza ni tamu, siku ya pili ina nguvu, siku ya tatu yaanza kuwa chungu, na baada yake haina mnywaji. Mtu hawezi kuifungia ghalani kama mahindi wala kuificha kama fedha. Akipika mtumbwi mzima hawezi kuumaliza peke yake. Basi hana budi kuwaita jirani.

Hii ndiyo sababu pombe ya wazee wetu ilikuwa na siku zake na watu wake. Ilipikwa kwa arusi, wakati jamaa mbili zilipokutana na kuhesabu mbuzi za mahari. Ilipikwa kwa kazi ya pamoja: mwenye shamba aliwaita jirani walime naye, jioni wakanywa kwake, na kesho yake akaenda kulima kwao. Ilipikwa wakati wa kumaliza matanga. Ilipikwa siku ya kupatana, maana watu wawili waliogombana, wakiisha kunywa katika kibuyu kimoja mbele ya wazee, hawakuweza tena kuendelea na fitina yao pasipo aibu. Na siku zote aliyeipika ndiye aliyeonja kwanza mbele ya wageni, ili wajue haina sumu.

Hatusemi kwamba zamani hapakuwa na walevi. Walikuwako, na wanawake waliopigwa kwa ajili ya ulevi walikuwako pia. Lakini mlevi alilewa mbele ya mjomba wake na baba mkwe wake, na maneno yake yakarudishwa kwake asubuhi. Wazee walijua nani amezidi. Pombe ilikuwa na mlinzi, na mlinzi huyo alikuwa jirani.

Mapadre wa Moyo Mtakatifu walifungua misioni ya Beni mwaka 1906, na mwaka 1929 wakaja Mapadre wa Assomption, ambao Mgr Henri Piérard, askofu wetu wa kwanza, alikuwa mmoja wao. Wengi wao walitoka Ubelgiji, nchi ya bia. Watu wengine hudhani kwamba Kanisa lilifika huku likisema kwamba kila pombe ni dhambi. Sivyo. Mtakatifu Benedikto katika Kanuni yake aliwapimia watawa divai kidogo ya kila siku, akiwaonya wasishibe hata kulewa. Rituale Romanum ya zamani ilikuwa na sala ya kubariki bia. Watawa Watrapisti wa Scourmont katika Ubelgiji walianza kupika bia mwaka 1862, ile ijulikanayo kwa jina la Chimay, na ni wao hao waliotuma ndugu zao mwaka 1954 kuanzisha monasteri ya Mokoto, huko Masisi, katika Kivu yetu hii. Tena muujiza wa kwanza wa Bwana wetu ulifanyika arusini, divai ilipowaishia wageni.

Ila pombe kali ni jambo jingine, na hata serikali za Ulaya zililiona mapema. Katika mapatano ya Bruxelles ya mwaka 1890 zilikubaliana kuzuia au kutoza ushuru pombe kali zilizopelekwa sehemu kubwa ya Afrika, maana zilikwisha kuona jinsi gini na ramu zilivyoharibu miji ya pwani. Hatuwasifu kwa wema wao mwingi, kwa kuwa ndio hao waliowalazimisha baba zetu kazi za mpira na barabara. Twataja tu kwamba tofauti ya pombe na pombe ni jambo la kale, si fumbo tulilolibuni sisi.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mshahara. Mwaka 1928 kampuni ya madini iliyoitwa Minière des Grands Lacs ilijiweka Butembo, na kazi na biashara vikawavuta watu kutoka vilima vyote. Mtu wa kazi hakai na mjomba wake. Hana shamba la kuwaitia jirani. Ana fedha mfukoni siku ya malipo na kiu kooni. Basi wanawake wakaanza kupika kasiksi ya kuuza, na kibuyu kikageuka kuwa kopo lenye bei. Hapo ndipo mara ya kwanza mtu aliweza kunywa pombe ya mtu asiyemjua, akalipa, akaondoka, na asiwe na deni la kumwalika mwenzake kesho.

Chupa nazo zikaja. Kiwanda cha Léopoldville kilianzishwa mwaka 1923, na chupa ya kwanza ya Primus ilitoka Desemba 1926. Katika miaka ya 1950 Bukavu nako kulikuwa na kiwanda. Chupa ina maajabu yake. Mwanachuoni Mfaransa Louis Pasteur, aliyeandika kitabu juu ya bia mwaka 1876, alionyesha kwamba vijidudu ndivyo vinavyoichachusha na kuiharibu, na kwamba moto wa kadiri huviua. Kwa hiyo bia ya kiwandani hukaa miezi mingi. Hupakiwa kwenye lori, huvuka matope ya barabara zetu, na kufika buveti ya mwisho karibu na msitu ikiwa nzima. Katika karne hii kampuni ya Brasimba ilijenga kiwanda mjini Beni kwenyewe, na vijana wetu wengine wakapata kazi humo. Lakini bei ya chupa moja yazidi mara nyingi bei ya kopo la kasiksi, na mkulima wa ndizi akiiagiza hunywa kazi yake ya siku nzima. Tena kiwanda hakiko salama kuliko mtumbwi: Februari 2025 vita vilipoingia Bukavu, bohari za bia za huko ziliporwa.

Mwana wa tatu wa habari hii ndiye mkorofi. Kwetu huitwa kanyanga, na mahali pengi katika Kongo huitwa lotoko. Kasiksi, au pombe ya mihogo na mahindi, huchemshwa katika pipa lililofungwa. Kileo hupanda kuwa mvuke kabla ya maji, kwa maana chenyewe huchemka kwenye digrii 78 na maji kwenye 100. Mvuke hupita katika mrija uliozamishwa ndani ya maji baridi, ukarudi kuwa matone. Matone hayo yaweza kuwa na sehemu 40 za kileo katika mia, na zaidi. Chupa ndogo yatosha kumwangusha mtu mzima. Nayo haiharibiki. Yaweza kungoja mwaka mzima chini ya kitanda.

Karibu nayo ziko pombe kali za viwandani, zilizotiwa katika vifuko vidogo vya plastiki ambavyo kijana huvificha mfukoni. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 2017, na watu wa huko wavikumbuka kwa jina la viroba. Uganda ilifanya vivyo hivyo mwaka 2019. Kilichozitia hofu serikali hizo ndicho tukionacho sisi: mtoto wa shule ananunua kwa fedha ya andazi, anakunywa njiani peke yake, na hakuna mjomba amwonaye.

Tulimwuliza mama mjane kwa upole kama alipika kanyanga pia. Hakuficha. Akasema, “Ndiyo, mwalimu, nilipika. Nitakuambia na sababu yake.”

Mwanzo wa sababu ulikuwa ugonjwa wa migomba. Ule ugonjwa wa mnyauko, ambao ulionekana Masisi mwaka 2001 na tangu hapo ukatembea katika Kivu, hupenda hasa ndizi za pombe. Wadudu huuchukua kutoka ua la kiume la mgomba mmoja mpaka mwingine, na panga lisilosafishwa huuchukua vilevile. Ndizi huiva kabla ya wakati, ndani zimeoza. Dawa ya kunywesha mgomba haipo. Iliyopo ni kuvunja ua la kiume kwa kijiti chenye panda mara mkungu unapokwisha kutoa vichane, kusafisha panga kwa moto, na kung’oa shina lenye ugonjwa. Mama huyo hakuyajua hayo mapema. Akapoteza nusu ya shamba.

Kisha ikaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, ikaingia Beni na Butembo, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 watu 2,287 walikuwa wamekufa. Ugonjwa huo hupita kwa majimaji ya mwili. Tuliacha kupeana mikono, hata kanisani. Nani angeshika kibuyu kilichotoka mdomoni mwa mwenzake? Arusi zikawa ndogo, matanga yakakatazwa kukusanya watu, na kunywa pamoja, ambako kulikuwa ishara ya amani, kukawa njia ya kifo. Tulilazimika kutii, na ilikuwa haki kutii.

“Kasiksi yangu ikilala siku tatu imekwisha,” mama akatuambia. “Nilipika, watu hawakuja. Nikamwaga mtumbwi wa kwanza, nikamwaga wa pili. Wa tatu sikumwaga, mwalimu. Binti yangu alikuwa sekondari, na karo hainingoji. Nikaazima pipa. Kanyanga yaningoja hata wateja warudi.”

Kwa maneno hayo machache mama huyo alitufundisha habari za miaka mia. Hakuiacha kasiksi kwa kupenda uovu. Jirani walipokosekana, pombe ya jirani ilikufa, na pombe ya mtu mmoja ikashika mahali pake.

Na jirani wamepunguzwa kwa njia nyingine iliyo chungu zaidi. Tangu Oktoba 2014 wauaji wamekuwa wakichinja watu wa Beni mashambani na vijijini, na wengi wamekimbia migomba yao. Tarehe 27 Juni 2021 bomu lilipasuka ndani ya kanisa Katoliki la Emmanuel-Butsili mjini Beni, muda mfupi kabla ya Misa ya Kipaimara cha watoto, likawajeruhi wanawake wawili. Siku ile ile mtu mwenye bomu alijilipua karibu na baa mjini humo. Tarehe 25 Desemba ya mwaka huo huo mwingine alijilipua penye mkahawa uliojaa watu waliokuwa wakila na kunywa sikukuu ya Noeli, akaua wengi pamoja naye. Fikirini jambo hili. Adui alipotafuta mahali pa kutupiga alichagua kanisa, na akachagua meza ya watu wanaokunywa pamoja. Alijua kwamba mahali pote pawili watu hukutana bila hofu, na hofu ndiyo aliyotaka kuipanda. Hatulinganishi altare na meza ya baa, hasha. Twasema tu kwamba anayekaa peke yake na chupa ya kanyanga nyuma ya nyumba, kwa kuwa aogopa kukaa na watu, amekwisha kuchukuliwa na hofu ile.

Hayo yote tuliyapeleka mbele ya baraza. Mzee aliyeuliza swali siku ya kwanza alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Basi ni mambo mawili, si moja. Pipa ni kosa lake. Mtumbwi uliomwagwa ni kosa letu, kwa maana baada ya ugonjwa hatukurudi kwake.”

Wengine walibisha kwa nguvu, na tusifiche kwamba walikuwa na sababu. Mmoja wao alimzika kijana wake aliyekunywa kanyanga, akalala nje kwenye baridi ya usiku, hakuamka. Baba huyo alisema, “Nyinyi mwasema kasiksi ni nzuri na kanyanga ni mbaya, lakini mwanangu alianza na kasiksi.” Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulisali pamoja naye. Wako Wakristu ambao kwao njia ni moja tu, kuacha kabisa. Mheshimiwa Matt Talbot, kibarua wa Dublin aliyekufa mwaka 1925, alikuwa mlevi tangu utoto wake; akiwa na miaka 28 aliweka nadhiri ya kuacha, akaishika miaka 41 kwa sala na Misa ya kila siku. Kwa mtu kama huyo, kumpa hata kopo moja ni kumsukuma shimoni. Jumuiya impe heshima anayeacha, wala isimcheke arusini akishika kikombe cha chai.

Mwisho tuliamua hivi. Mama arudishe pipa, asiiuze kanyanga tena. Naye akakubali mbele ya padre. Kasiksi yake aipike kwa maji yaliyochemshwa, asiwauzie watoto, na asifungue mlango wakati wa Misa. Sisi kwa upande wetu tuliahidi kwamba kazi za pamoja za jumuiya, kama kutengeneza njia na kulimia wagonjwa, zitamalizika kwake jioni, kila mtu na kopo lake mwenyewe, maana somo la Ebola hatutalisahau. Vijana walikwenda shambani mwake na vijiti vyenye panda kuvunja maua ya migomba. Na katika Usiku wa Pasaka alisimama penye kisima, akamshika mtoto.

Je, ahadi itadumu? Pande zote mbili zaweza kuivunja. Mwezi wa karo ukifika na mtumbwi ukibaki umejaa siku ya tatu, pipa la kuazima haliko mbali. Kwa hiyo msomaji mpenzi, kabla ya kumhukumu mpika pombe wa mtaa wako, uliza kwanza kama mzee wetu: hupika pombe gani, na wanaoinywa ni nani? Kisha ujiulize neno la tatu, lile ambalo sisi tulichelewa kujiuliza. Siku ya tatu, mtumbwi unapoanza kuwa chungu, wewe uko wapi?